Kiti cha Mumonaki na Nyumba ya Mungu

Tukitaka kusifu kanisa jipya, mara nyingi tunauliza: limegharimu pesa ngapi? Mnara wake unapanda namna gani? Vioo vyake vimetoka wapi? Hayo ni maswali madogo. Kuna swali kubwa kupita hayo: nyumba hii inamsaidia mtu kusali, ao inamzuia?

Kusudi tulijibu vizuri, tutazame kazi ya padri mmoja wa Uholanzi, Dom Hans van der Laan, mumonaki wa Mtakatifu Benedikto. Alizaliwa Leiden mwaka 1904. Baba yake alikuwa mchoraji wa majengo. Yeye naye alianza kusoma kazi hiyo kule Delft, lakini mwaka 1927 aliingia monasteri ya Oosterhout, na mwaka 1934 akapewa upadri. Alikufa mwaka 1991. Majengo yake ni machache. Lakini alichora pia benchi, meza, altare, vyombo na mavazi ya Misa. Kwake yeye, vyote hivyo vilikuwa kazi moja.

Fundisho lake tunaweza kulifahamu kwa mawe ya mtoni. Tuokote mengi, madogo na makubwa, tuyapange chini. Jicho halitazami kila jiwe peke yake. Linaona makundi: haya ni ya ukubwa mmoja, yale ya ukubwa mwingine. Dom van der Laan alitafuta pahali jicho linapotoka kundi moja na kuingia lingine. Akaona kama kila kipimo kinashinda kile cha mbele yake karibu kama nne inavyoshinda tatu. Ngazi hiyo inapanda mpaka kipimo kikubwa ni karibu mara saba ya kile kidogo. Hesabu hiyo aliiita kwa Kifaransa «nombre plastique».

Monasteri ya Vaals, karibu na mpaka wa Ujerumani, inaonyesha fundisho hilo kwa macho. Nyumba ya kwanza ilichorwa na Dominikus Böhm na Martin Weber miaka ya 1920. Kanisa la Dom van der Laan lilimalizika mwaka 1968. Ndani hamna marumaru wala zahabu ukutani. Kuna matofali yaliyopakwa udongo wa sima mwembamba, hata yanaonekana bado. Kuna nguzo za pembe nne, na madirisha ya juu yanayoshusha nuru polepole. Unene wa ukuta, nafasi kati ya nguzo na nguzo, upana wa dirisha, vyote vinapatana.

Na viti vyake? Ni mbao zilizonyooka, zimepigwa misumari, na vichwa vya misumari havikufichwa. Hakuna mguu uliopindwa, hakuna ua lililochongwa. Lakini unene na upana wa ubao vimetoka katika ngazi ile ile ya vipimo vya kanisa. Ndiyo maana benchi haionekani kama mgeni ndani ya nyumba. Katika Ubelgiji, masista wa Roosenberg, kule Waasmunster, walipata monasteri toka mkono wake mwaka 1975, pamoja na viti na meza zake.

Wengine wanapenda zaidi kapela ya Ronchamp katika Ufaransa, ya mwaka 1955, kazi ya Le Corbusier. Paa lake la betoni limevimba kama ganda la kaa, na nuru ya ndani ni ya ajabu. Tunaiheshimu sana. Lakini Ronchamp ni sauti ya mtu mmoja. Mwenye kuiiga anapata mchezo tu. Vaals inatoa kanuni, na kanuni fundi mwingine anaweza kuishika.

Hatusemi kama kazi ya Vaals haina upungufu. Ukimya wake ni wa wamonaki. Parokia yenye watoto, ngoma na maandamano ya matoleo inaomba nafasi nyingine na rangi nyingine. Tena Konsilio ya Vatikano ya pili, katika fundisho lake la mwaka 1963 juu ya liturjia, ilisema kama Eklezia haina namna moja ya sanaa iliyo yake peke yake, na kama uzuri wa kweli unapita utajiri wa kujionyesha. Basi, kuiga kuta za Vaals katika Kivu ao Katanga lingekuwa kosa lile lile la kuiga minara ya Ulaya.

Neno la kushika ni kipimo. Mara ngapi fundi wa mbao anaambiwa: chonga maua, paka vernis ing'ae! Pesa zinaisha kwa urembo, na benchi inabaki nyembamba hata mzee hawezi kukaa mpaka mwisho wa mahubiri. Mbele ya kupasua ubao wa kwanza, padri, katekista na fundi wakae pamoja. Waulize: mtu anakaa namna gani? Anapiga magoti namna gani? Aliye nyuma anaona altare? Kiisha wapime, wakate, wajaribu, wapime tena.

Kipimo kizuri hakinunuliwi sokoni. Kapela ya miti na udongo inaweza kuwa nacho, na katedrali inaweza kukikosa. Ninyi mnaosoma seminari leo, mtajenga kesho: jifunzeni kwanza kutazama kiti mnachokalia.