Lango Lisilorudisha: Juu ya Uhamisho wa Wakosaji katika Riwaya Mbili za Kimarekani

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kazi iliyoonekana kuwa nyepesi. Niliwaandikia kwa Kiingereza sentensi moja, yenye maana kwamba hapana mtu aliyejua mahali mfungwa fulani alipelekwa, nikawataka waigeuze kwa Kiswahili. Nusu yao waliandika "mahali alipopelekwa", na nusu "mahali alikopelekwa". Mabishano yakazuka. Mwanafunzi mmoja wa Pemba, ambaye kwa kawaida si msemaji, alisema kwamba hapana budi iwe -ko, "kwa kuwa kama tungalipajua mahali penyewe, tusingalikuwa na haja ya kuisema sentensi hii". Niliitunga sentensi ile nikiwa na riwaya mbili akilini, na jibu lake ndilo lililonifanya nizirudie.

Riwaya hizo ni Hawksbill Station ya Robert Silverberg, iliyotoka kwanza kama hadithi ya wastani mwaka 1967 na kama kitabu kamili mwaka 1968, na The Many-Colored Land ya Julian May, ya mwaka 1981, ambayo ni ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne. Zote mbili zasimulia habari za lango ambalo wenye mamlaka wa zama zijazo hulitumia kuwaondolea mbali watu wasiowataka. Lango hilo halimpeleki mtu nchi nyingine, bali lampeleka nyuma katika wakati, wala anayepita harudi. Silverberg aiita mitambo yake Nyundo na Fuawe: Nyundo humpiga mtu kutoka katika siku zake, na Fuawe humpokea katika dunia changa ambayo nchi kavu yake ni mwamba mtupu, na kiumbe cha kuliwa ni mdudu wa baharini aitwaye trilobaiti. May naye aweka lango lake katika vilima karibu na Lyon, Ufaransa. Apitaye huenda nyuma miaka milioni sita, na ajaribuye kurudi hupatwa na miaka hiyo yote kwa pigo moja, akawa vumbi. Sayansi ya mambo haya isitushughulishe. Ni uchawi uliovishwa koti la fundi.

Yafaa kuuliza kwanza lango kama hili laongeza nini juu ya merikebu. Uhamisho wa wakosaji haukubuniwa na watunzi. Tangu mwaka 1788 hadi 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 160,000. Sisi wa Afrika ya Mashariki twakumbuka jinsi Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walivyokamatwa mwaka 1899 wakapelekwa Ushelisheli. Lakini merikebu, hata iwe ya dhuluma kiasi gani, hurudi bandarini, na pamoja nayo hurudi barua, mabaharia wenye midomo, na wakati mwingine mfungwa mwenyewe. Mwanga alifia kisiwani mwaka 1903, na mifupa yake ikarudishwa Buganda mwaka 1910. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafa Jinja kabla ya kufika kwao. Kwa miaka mingi sheria ya Uingereza ilimwadhibu kwa kifo mhamishwa aliyerudi kabla ya muda wake. Hiyo yatosha kuonyesha kwamba watawala walikiogopa kile kisichoweza kuzuiwa na bahari peke yake. Lango la uchawi, basi, ni merikebu iliyotimiza matakwa ya hakimu: inakwenda, wala hairudi na habari.

Hapa ndipo sarufi yetu inapokuwa na la kusema. Kiswahili hakimruhusu msemaji kutaja mahali bila kueleza ana ujuzi gani napo. Pale na kule ni mahali tunapoweza kupaonyesha kwa kidole. Hapo na huko ni mahali palipokwisha kutajwa, na ile -o ya mwisho, ambayo Bibi Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliiita -o ya marejeo, yatuelekeza kwenye maneno yaliyotangulia, wala haituelekezi kwenye upeo wa macho. Hakimu wa lango aweza kusema "apelekwe huko". Hawezi kusema "apelekwe kule", maana hajapaona, wala hakuna aliyerudi kumwambia. Huko kwake ni mahali palipomo katika hukumu tu. Nikizisoma riwaya hizi mbili, najiuliza kila mara: je, mtunzi ametambua kwamba huko ya hakimu ni tupu, au naye ameridhika nayo?

Silverberg ametambua, na ametambua kwa njia rahisi kuliko zote: ameiweka hadithi yake upande wa pili. Hatuyaoni mahakama. Twamwona Jim Barrett, mzee wa kituo, mtu mkubwa wa mwili ambaye mguu wake mmoja umepondwa na mawe, akitembea kwa gongo juu ya mwamba kati ya wanaume waliohukumiwa kwa siasa zao. Mmoja ajaribu kujiundia mwanamke kwa udongo na madawa. Mwingine atafuta njia ya kutoka kwa nguvu za akili. Wengine wabishana bado juu ya nadharia za mapinduzi ambayo kwa kalenda yao yatatokea baada ya mamia ya mamilioni ya miaka. Wanawake wamepelekwa katika zama nyingine kabisa, ili kusiwe na uzazi. Mambo haya yote yasimuliwa kwa sauti ya chini, bila kilio, na kwangu mimi ndiyo sifa kubwa ya kitabu. Kile ambacho katika kinywa cha serikali ni huko, kwa Barrett ni hapa.

Kisha aja Hahn, kijana anayejidai kuwa mwanauchumi lakini hajui uchumi, naye aandika habari zao kwa siri. Yafunuliwa mwishoni kwamba serikali iliyowahukumu imekwisha kuanguka, na kwamba njia ya kurudi imepatikana. Hahn ametumwa kuwachunguza kabla ya kuwarudisha. Barrett achagua kubaki. Nimesikia wasomaji wakisema kwamba mwisho huu ni wa kukata tamaa, lakini sikubaliani nao. Silverberg ameona jambo ambalo hakimu hakuliona, yaani kwamba huwezi kumpeleka mtu mahali patupu, kwa sababu mtu mwenyewe hupajaza. Neno nyumbani limehama pamoja naye.

Naongeza neno moja juu ya toleo la 1968. Katika kuirefusha hadithi, mtunzi ameingiza sura za ujana wa Barrett na chama chake cha siri. Zasomeka vizuri, lakini zaidhoofisha hadithi, kwa kuwa zatuonyesha wale wapelekaji ambao kutoonekana kwao ndiko kulikokuwa na nguvu. Ningemshauri msomaji aanze na ile fupi.

Kwa May mambo ni kinyume. Kitabu chake chaanzia upande huu wa lango, na sehemu iliyo bora ndani yake ni nyumba ya wageni ambamo wasafiri hutayarishwa. Hujifunza kazi za mikono, huchagua mavazi ya zama wanazozipenda, na kila mmoja ajaza huko yake kwa ndoto. Wengi waja kwa hiari, wamechoshwa na dunia iliyo na amani mno. Lakini mkosaji naye apita mlango uo huo: kijana Aiken Drum, mtundu asiyetengenezeka, apewa na mahakama kuchagua kati ya kifungo, kutiwa utulivu kwa utabibu, kufa, au lango. Achagua lango, na wanapofika ng'ambo wakuta kwamba huko hakukuwa tupu kamwe. Kuna mataifa mawili kutoka nyota nyingine, Watanu na Wafirvulagi, na Watanu wawatia binadamu utumwani. Wanawake wote walifungwa uzazi kabla ya kuvuka, kwa sharti la wenye lango. Watanu hulifungua fundo hilo, maana wawahitaji kwa kuzaa. Kila tahadhari ya upande huu yabatilishwa upande ule, wala hapana ajuaye.

Hili ni wazo kubwa, na nasikitika kwamba mtunzi hakulifuata hadi mwisho. Mara tu tunapovuka, vita na fahari za Watanu zachukua nafasi yote, na ile mahakama yasahauliwa. Kwa kuwachanganya wahiari na wahukumiwa katika kundi moja, riwaya yamwondolea hakimu mzigo: msomaji aanza kuhisi kwamba wote walijitakia. Aiken Drum aishia kuwa mfalme katika kitabu cha tatu, na utawala uliomtoa wabaki kuwa utawala mwema. Hata mara moja haukuulizwa: mlimpeleka wapi?

Mmoja tu auliza, na kwa ajili yake nakisamehe kitabu hiki mengi. Ni Angélique Guderian, mjane wa yule aliyeligundua lango, ambaye mwanzoni aliwavusha watu kwa malipo. Majuto yamfanya avuke mwenyewe. Katika kitabu cha pili, ili lango lifungwe, yeye na mwenzake mzee wapita kurudi wakichukua ujumbe, wakijua vema kwamba watafika wakiwa mifupa. Katika riwaya zote mbili hapana mpelekaji mwingine aliyekubali kujua mahali alikopeleka wenzake.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka hapa Shaaban Robert. Katika Kusadikika ya mwaka 1951, nchi iliyo angani, wajumbe sita hutumwa pande sita na wote hurudi na mambo ya manufaa. Malipo yao ni kifungo, na Karama asimulia habari zao mbele ya mahakama iliyomshtaki yeye. Mipaka ya Kusadikika yavukika kwenda na kurudi, nayo serikali yaogopa kurudi kuliko kwenda. Hadithi zao zinapotajwa kwa sauti barazani, wajumbe hufunguliwa. Shaaban Robert hakuhitaji lango la uchawi, kwa kuwa alijua kwamba watawala wangelitamani kuwa nalo.

Baadhi ya wanafunzi wangu sasa wataka kuitafsiri hadithi ya Silverberg. Nimewaambia wasitafute jina zuri la mitambo. Nyundo na fuawe zatosha, kila mhunzi azijua. Shida itakuwa katika kurasa za mwisho, Barrett anapoeleza kwamba hataki kurudi. Rasimu ya kwanza niliyoletewa ilisema "nitabaki huko". Yule wa Pemba alikwisha kulikata neno kwa wino, akaandika juu yake "huku".