Kletterschuh: Kiatu Kilichohama na Jina Lake

Sisi tunaosema "shule" kila siku tunajua neno la Kijerumani linavyoweza kuingia nyumba ya watu likazoea mpaka likasahau kwao. Wapanda miamba wanaozungumza Kiingereza nao wana lao: Kletterschuh. Klettern ni kukwea, Schuh ni kiatu. Waliona ni refu, wakalikata likabaki klett, lakini hawakulitafsiri. Raba za mazoezi walikuwa nazo tangu zamani, na wengine walikwea nazo. Hiki kilikuwa kitu kingine, kimetoka mikononi mwa mafundi wa Alpi za mashariki, wakakichukua pamoja na jina lake kama mtu anayenunua sufuria na mfuniko wake.

Buti la mlimani la zamani lilikuwa zito, soli yake imepigiliwa misumari ya chuma. Kwenye barafu na majani yenye umande lilifaa sana. Lakini kuta za Dolomiti ni mawe ya chokaa yaliyosimama wima, na pa kukanyaga pengine pana upana wa kidole tu. Hapo chuma kinateleza. Kwa hiyo mpandaji alivua buti chini ya ukuta, au akalitia mkobani, akavaa kiatu chepesi chenye soli laini.

Soli hiyo ndiyo inayonivutia zaidi ya yote. Katika milima ya Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, wanawake walishona viatu vya nyumbani kwa matambara: nguo kuukuu zinapangwa tabaka juu ya tabaka, kisha zinatobolewa na kushonwa kwa uzi mnene, mishono ikikaribiana mno, mpaka rundo la vitambaa linakuwa kitu kimoja kigumu kinachokunjika. Viatu vya ukoo huo vilipanda miamba. Wajerumani na Waustria walipenda sufu iliyoshindiliwa, na aina iliyosifiwa iliitwa Manchon, jina la kitambaa kizito kinachovalishwa rola za mitambo ya kutengenezea karatasi. Fundi aliyeona soli ya kiatu ndani ya kitambaa cha kiwandani alikuwa na jicho! Nyuzi za sufu hujisokota kwenye vinyweleo vya jiwe na kushika hata jiwe likiwa na unyevu. Ubaya wake ni kwamba huisha upesi.

Na kwenye barafu nyuzi hizo hazina msaada. Mwaka 1935, kwenye mlima wa Punta Rasica, hali ya hewa iliharibika ghafla na wapandaji sita Waitaliano wakafa. Mwenzao Vitale Bramani hakuusahau msiba ule. Kufikia mwaka 1937, kwa msaada wa kampuni ya Pirelli, alikuwa na soli ya mpira yenye meno marefu, na jina la soli hiyo, Vibram, limetokana na jina lake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Kletterschuh ikawa buti fupi la ngozi laini lenye soli hiyo, na ndilo walilovaa wakwezi wengi wa Yosemite, California, katika miaka ya 1950 na 1960.

Litazame buti hilo kwa karibu. Kiatu cha kawaida kina ukingo wa soli unaotokeza nje ya ngozi, na fundi hupitisha mshono wake hapo kwa raha. Hapa ukingo umenyolewa ukalingana na ngozi. Sababu yake ni nzito: ukingo ukitokeza, uzito wa mtu unaangukia nje ya mguu, soli inapinda, na kidole gumba kinapoteza habari za jiwe. Ukinyolewa, mfupa unasimama juu ya jiwe lenyewe. Lakini fundi amepoteza nafasi ya kushonea, na bado anatakiwa afunge kiatu kisichobanduka mtu akiwa juu. Kupunguza bila kudhoofisha ndiyo kazi ngumu, nami naiheshimu kuliko nakshi yoyote.

Mfaransa Pierre Allain, aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye mawe ya Fontainebleau, aliondoa hata meno. Mpira laini usio na alama hugusa jiwe kwa eneo kubwa zaidi, ukashika vizuri zaidi. Viatu vya namna hiyo vilipoenea, klett ikawa neno la wazee katika Kiingereza, ilhali Wajerumani wanaendelea kukiita Kletterschuh hata hiki kipya.

Kiatu hiki kikichakaa, hukwisha mahali padogo, upande wa ndani wa kidole gumba. Fundi anakipasha moto kidogo, anaibandua nusu ya mbele ya soli, anapaka gundi, anabandika mpira mpya na kuunyoa taratibu mpaka ulingane na ngozi. Ile ngozi ya juu haigusi, maana imeshakaa umbo la mguu wa mwenyewe.