Drafti ya Besiboli: Kompyuta Inapocheza Mara Elfu Kumi

Mswahili akisikia drafti, anaona ubao wa kijiweni na vizibo vya soda vinavyolana. Wapenzi wa besiboli Marekani nao wana drafti yao. Kila Julai klabu 30 za ligi kuu huchagua kwa zamu vijana kutoka sekondari na vyuo vya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Ilianza 1965, na siku hizi ina raundi 20. Michezo hii miwili haina undugu, isipokuwa katika jambo moja: ukisogeza kete moja, ubao mzima umebadilika. Klabu ya pili ikimwacha kijana aliyetarajiwa, ya tatu inamdaka, ya nne inabaki bila chaguo lake, na mnyororo unaendelea hivyo hadi chini.

Ndiyo maana orodha za utabiri huchanika upesi. Mwandishi anayetaja wateule 30 wa mwanzo kwa mpangilio ni kama mtu aliyeweka mkeka wa mechi 30. Anayetumia uigaji wa kompyuta hana mkeka mmoja. Anaipa mashine kanuni za mchezo, anaiacha icheze drafti nzima mara 10,000, kisha anahesabu. Kijana aliyeangukia nafasi ya tatu mara 2,400 ana uwezekano wa asilimia 24 wa kwenda hapo. Basi.

Mbinu hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kasino huko Monaco. Ilizaliwa 1946, pale mwanahisabati Stanislaw Ulam alipokuwa akijiuguza na kujipumbaza kwa karata za mchezaji mmoja. Alitaka kujua uwezekano wa kushinda. Hesabu ilipomchosha, akaona njia fupi ni kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi.

Kwa drafti, kila mchezaji hupewa alama kutokana na viwango vya wasaka vipaji, takwimu zake na minong'ono ya wiki za mwisho. Alama hiyo hupandishwa au kushushwa kulingana na mazoea ya kila klabu, kwa kuwa zipo zinazopenda wanachuo na zipo zinazowakimbilia wa sekondari. Kisha kompyuta humwongezea kila mmoja kiasi kidogo cha bahati nasibu. Mwenye alama kubwa anachukuliwa, jina linafutwa, zamu inahamia klabu nyingine. Kiasi cha bahati hiyo hupimwa kwa drafti zilizopita, na hakilingani kote. Katika nafasi ya kwanza huwa wanashindana vijana watatu au wanne, lakini ukishuka hadi ya 25 ukungu ni mzito. Mike Trout, aliyekuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, alichaguliwa nafasi hiyo hiyo ya 25 mwaka 2009.

Hadi hapo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua kuandika programu. Kigugumizi kinaanzia kwenye pesa.

Tangu 2012 kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ina bei elekezi ya kumsajili mteule, na jumla ya bei za nafasi za klabu ndiyo mfuko wake. Ikiuzidi mfuko kwa zaidi ya asilimia 5, inatozwa kodi na kupoteza haki ya kuchagua raundi ya kwanza mwaka unaofuata. Ila ndani ya mfuko huo klabu iko huru: inaweza kumlipa mteule wa kwanza pungufu na chenji kumpa wa chini. Mteule asiposaini, bei ya nafasi yake inaondoka naye.

Houston Astros waliielewa kanuni hiyo mapema kuliko wengi. Juni 2012 walikuwa na nafasi ya kwanza, yenye bei elekezi ya dola milioni 7.2, na wengi walimtabiria Mark Appel, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Astros wakamtaja Carlos Correa, mvulana wa miaka 17 kutoka Puerto Rico, aliyekubali milioni 4.8. Milioni 2.4 zilizobaki ziliwasaidia kumpata Lance McCullers katika nafasi ya 41 kwa milioni 2.5, takriban maradufu ya bei ya nafasi ile. Appel akaporomoka hadi nafasi ya nane kwa Pittsburgh Pirates, akakataa milioni 3.8, akarudi chuoni.

Mashine inayopanga vijana kwa kipaji peke yake isingeweza kuyaona hayo. Yenye manufaa humpa kila mchezaji bei ambayo chini yake hasaini, huipa kila klabu mfuko, na kuifanya itafute kifurushi cha wachezaji watatu au wanne badala ya jina moja bora. Hata hivyo makubaliano ya aina hii hufungwa na mawakala kwa simu, na simu hizo haziingii kwenye data. Mwaka 2025 majina ya Kade Anderson na Ethan Holliday ndiyo yaliyovuma kwa nafasi ya kwanza. Washington Nationals wakamchukua Eli Willits wa miaka 17 kwa milioni 8.2, wakati bei elekezi ilizidi milioni 11.

Je, mashine ilikosea? Kosa si kumpa mteule asilimia ndogo, kwani Cleveland Guardians walishinda bahati nasibu inayoamua klabu ya kuchagua kwanza ya 2024 wakiwa na uwezekano wa asilimia 2. Kipimo cha haki ni hiki: kusanya matukio yote uliyoyapa asilimia 20, uone kama kweli moja kati ya matano yalitokea. Kwa kipimo hicho, uigaji usio na hesabu ya pesa ni mchezo wa watoto.

Na hata ulio nayo hutabiri zamu tu, hautabiri maisha ya mchezaji. Appel alirudi kwenye drafti ya 2013, na safari hii Astros walimchagua wa kwanza. Aligusa uwanja wa ligi kuu Juni 2022, akiwa na klabu ya Philadelphia Phillies, na umri wa miaka 30.