Mchungaji Adam, Karibu Goma!

Kanisa limejaa! Kanisa kubwa la kale mashariki mwa London, ambalo siku zote lina waumini wa kuhesabika, leo limejaa hadi mlangoni: kina baba wenye makoti ya bei, kina mama walioshika watoto waliochanwa nywele vizuri, wote wakiimba kwa nguvu nyimbo wasizozijua. Ni uamsho? Wapi! Shule ya kanisa imesifiwa na wakaguzi, na wazazi wamegundua kwamba njia ya kupata nafasi ni kuonekana ibadani. Kasisi anajua kilichowaleta. Wao wanajua kwamba anajua. Kumbe dirisha la vioo vya rangi nalo limevunjwa, pesa za kulitengeneza hazipo, na miongoni mwa hao waumini wapya yumo mwanasiasa mwenye mtoto wa kuandikisha na uwezo wa kusaidia. Afanyeje?

Hivyo ndivyo inavyofunguka Rev., vichekesho vya BBC kuhusu maisha ya Adam Smallbone, kasisi wa Kianglikana aliyehamishwa kutoka parokia tulivu ya shambani Suffolk na kutupwa katikati ya jiji, kwenye Kanisa la St Saviour in the Marshes. Nimemaliza msimu wa kwanza na siwezi kunyamaza. Sijawahi kuona televisheni ikimwelewa mchungaji kiasi hiki! Ilianza kuonyeshwa BBC Two Juni 2010. Imechelewa kunifikia hapa Goma, lakini haijachakaa hata chembe.

Mzazi wa Goma hahitaji kufafanuliwa ile sehemu ya kwanza. Tangu serikali ilipotiliana saini mkataba na makanisa mwaka 1977, shule nyingi za Kongo zinaendeshwa na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, zile tunazoziita conventionnées. Baba anayekumbuka ghafla, mwezi wa nane, kwamba aliwahi kubatizwa, tunamjua. Mama anayeanza kusalimia wazee wa kanisa mmoja mmoja kabla ya Septemba, tunamjua pia. Nilitazama kanisa la Waingereza na nikawaona watu wa Katindo na Himbi wamekaa pale kwenye viti vya mbao.

Sasa nikueleze Adam mwenyewe. Anachezwa na Tom Hollander, ambaye wengi wetu tulimwona kama Lord Beckett, yule bwana mfupi mwenye roho ya barafu katika Pirates of the Caribbean. Mwaka 2005 alicheza kasisi wa kuchekwa, Bwana Collins wa Pride & Prejudice. Humu anacheza kasisi mzima, mwenye nyama na damu. Adam anavuta sigara kwa siri isiyo siri. Anakunywa. Anaonea wivu wenzake wanaojaza makanisa. Anachoka. Halafu, katikati ya kila sehemu, anasali: tunaisikia sauti yake ndani kwa ndani, akimwambia Mungu maneno ambayo mchungaji hayasemi mimbarani. Analalamika, anaomba msamaha, anauliza kwa nini kazi hii ni ngumu hivi, anakiri kwamba amemchukia mtu fulani tangu asubuhi. Mapigo ya moyo ya mfululizo wote yako katika sala hizo. Humcheki Mungu hata mara moja. Unamcheka binadamu anayejaribu kumtumikia huku kamba za viatu zikimfunguka, na unampenda zaidi kwa sababu hiyo.

Na Alex! Mke wake ni Olivia Colman, yuleyule aliyechukua Oscar mwaka 2019 kwa kucheza malkia. Alex ni wakili anayewatetea wasio na uwezo; ana kazi yake, uchovu wake, mafaili yake, na hana hamu kabisa ya kuwa mama mchungaji. Hapa kwetu mke wa pasta hupewa kazi siku ileile anapofunga ndoa: aongoze kina mama, apike semina, apokee wageni, atabasamu. Nani aliwahi kumuuliza kama anataka? Alex anataka mume wake arudi nyumbani, afunge mlango, amtazame yeye kwa jioni moja tu. Na mlango unagongwa.

Unagongwa tena na tena. Wakati mwingine ni Mick, kijana aliyeharibiwa na dawa za kulevya, mwenye hadithi mpya kila mara ya kwa nini anahitaji pesa kidogo sasa hivi. Jimmy Akingbola anamcheza kwa namna ambayo unacheka, kisha koo linakaza. Yuko Colin, mlevi asiye na kazi, ambaye Adam anakaa naye kwenye benchi nje, sigara mkononi, na huyo Colin ana imani kuliko mtu yeyote mle kanisani. Yuko Adoha, mama mwenye mapenzi makubwa mno kwa wanaume wa madhabahuni. Yuko Nigel, msomaji wa kanisa, anayeamini kwa dhati kwamba kasisi angefaa kuwa yeye (jamani, kila kanisa la Goma lina Nigel wake!). Na yuko Arkidikoni Robert, mkubwa kutoka dayosisi, anayefika kwa teksi akiwa na glavu nyeusi za ngozi, kuuliza habari za mahudhurio na matoleo. Simon McBurney akiingia tu, chumba kinapoa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria wachungaji wa mji huu. Adam anahangaika kwa sababu watu hawaji. Wa kwetu wanahangaika kwa sababu watu wanakuja wote, na kila mmoja amebeba kitu. Makanisa yetu ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano yanajaa, kwaya zinagombania dakika, na ibada ikiisha foleni ya kumwona pasta inaanza: mgonjwa, karo, mume aliyetoweka, mwili wa kuzika. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipoteketeza sehemu ya mji, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilikwenda nalo, na bado waumini waliwatafuta mapadri wao. Waliwatafuta tena Mei 2021 mlima ulipofumuka. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, wakimbizi waliwasili makanisani kabla ya kuwasili kwingine. Mtu anayefungua mlango huo usiku ana mke, ana deni, ana hofu yake. Nani amewahi kumwandikia vichekesho vyenye huruma?

Maana tumezoea mapasta wa aina mbili kwenye skrini. Katika michezo ya televisheni ya Kinshasa, pasta anaingia mwishoni na suti yake, anasali kwa sauti kubwa, mchawi anaanguka, hadithi imekwisha. Katika filamu nyingine ni mwizi wa sadaka mwenye gari la kifahari. Shujaa au tapeli. Yule wa katikati, ambaye ndiye wengi wetu tunayemjua, anayeamini kweli na anayechoka kweli, hajapata nafasi. Rev. imempa nafasi yote, na ndiyo maana nimesisimka hivi!

Waingereza wenyewe walikuwa na makasisi wa vichekesho kabla ya Adam. The Vicar of Dibley ilianza 1994, mwaka uleule Kanisa la Uingereza lilipoanza kuwapa wanawake upadri, na Dawn French akawachekesha kwa miaka. Father Ted ya mapadri wa Ireland ilifuata 1995. Ni tamu zote mbili, ila zinatokea mahali pa kubuni palipo mbali na shida. Rev. ina harufu ya mahali halisi. Ilipigwa picha katika Kanisa la St Leonard, Shoreditch, kanisa lenye waumini wake, na James Wood, aliyeibuni pamoja na Hollander na kuiandika, aliwasikiliza makasisi wa kweli. Mmoja wa washauri alikuwa Richard Coles, aliyepiga muziki katika bendi ya Communards miaka ya 1980 kabla ya kuvaa kola. Inaonekana! Hakuna mzaha uliochongwa na mtu asiyewahi kukaa sakristia. Tuzo ya BAFTA ya vichekesho bora waliyopata 2011 waliistahili.

Sehemu ya sita, ya mwisho wa msimu, imenimaliza. Adam ameanguka chini kabisa. Hajui kama anaamini, amelewa, amewaudhi wote wanaompenda, na mimi nilikuwa nimeanza kumkasirikia. Ndipo anapoitwa kwa mtu anayekufa. Anakwenda. Anaingia mle chumbani kama alivyo, na kazi yake inamsimamisha tena wima, kama nabii Isaya alipojibu kwamba yuko tayari kutumwa. Ni vichekesho hivi! Nililia, na sioni aibu kuandika hapa.

Kasoro? Utani mwingine ni wa Uingereza mno, na ukaguzi wa shule utampoteza mtu asiyezoea mambo yao. Lugha ni kali mahali pengine, na kuna sehemu inayohusu klabu ya wanawake wanaovua nguo: usiiweke watoto wakiwa sebuleni, wala mbele ya bibi yako.

Lakini naomba vijana wa kamera wa mji huu, waliofunzwa Yole!Africa na kwingineko, waitazame wakiwa na daftari mkononi. Haihitaji pesa nyingi: kanisa moja, nyumba moja, benchi, mlango unaogongwa. Waanglikana wa Kongo walianza na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896 kwa miguu na Biblia. Historia hiyo tunayo, na wacheshi tunao, na kila mkazi wa Goma ana kisa kimoja cha pasta ambacho hajawahi kukisimulia hadharani.

Misimu ni mitatu, wa mwisho ukitoka 2014, na kila sehemu ni ya takriban nusu saa. Anza na ya kwanza, usiruke. Na hiyo ya sita, mtafute mchungaji unayemheshimu, mketishe mahali pazuri, uitazame naye.