Kituo cha Friedenstal na Kitabu cha Hofu

Atafutaye jina la Friedenstal katika ramani ya Same hataliona. Maana yake ni Bonde la Amani, nalo ni jina ambalo Wadachi wawili wa misheni ya Waadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walikipa kituo chao cha kwanza huko Giti, Upare ya Kusini, mwaka wa 1903. Mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza yalipita chini ya milima, utawala wa Wadachi ukakoma, na jina lao likasahauliwa. Kanisa la Giti halikufa. Lakini habari za watu wa milima ile, kama walivyokuwa siku zile, twazisoma kwa mkono wa mgeni, Ernst Kotz wa misheni hiyo hiyo, na kazi yake ndiyo tutakayo kuipima hapa.

Kotz aliacha vitabu viwili ambavyo ungedhani vimeandikwa na watu wawili. Cha kwanza ni sarufi ya Chasu, iliyopigwa chapa Berlin mwaka wa 1909. Ndani yake mwandishi ni mwanafunzi: asikiliza, auliza, aandika alivyosikia. Cha pili kilitoka Hamburg mwaka wa 1922, nacho chaeleza desturi za Wapare. Chaitwa Im Banne der Furcht, yaani Katika Kifungo cha Hofu, na humo mwanafunzi amekwisha kuwa hakimu. Jakob Dannholz, wa misheni ya Leipzig, alikuwa ametangulia mwaka wa 1916 na kitabu chake juu ya kifungo cha imani ya mizimu. Misheni mbili zenye mafundisho mbalimbali, na neno moja mlangoni!

Hofu ilikuwako, wala hapana haja ya kuifunika. Mwamba wa Malameni, karibu na Mbaga, wakumbukwa hata leo kuwa mahali walipotupwa watoto waliodhaniwa kuwa na kisirani. Mmisionari aliyeishi karibu na mambo hayo hawezi kulaumiwa kwa kuyaandika. Kosa ni la anwani, kwani yamfanya msomaji aone kila desturi kuwa ni binti wa hofu.

Tutazame ndiva. Maji ya kijito huzuiliwa usiku katika bwawa, asubuhi hufunguliwa, yakapita mferejini, na kila mwenye shamba hupata kwa zamu yake. Mwenye shamba la chini hana budi kumwamini aliye juu yake kwamba hataiba maji gizani. Kazi kama hiyo hudumu kwa mapatano na hesabu, wala hofu peke yake haiwezi kuilinda. Tena mwaka wa 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuikataa kodi ya mbiru mbele ya serikali. Miaka 23 tu ilikuwa imepita tangu kitabu kile kutolewa. Ikiwa watu hawa walikuwa wafungwa wa hofu, ni nani aliyewafungua upesi namna hiyo?

Jambo hili lina mfano wake mbali sana, katika Florida ya Wahispania. Padre Francisco Pareja, aliyekaa katika kituo cha San Juan del Puerto, alitoa mwaka wa 1613 kitabu cha maungamo kwa Kihispania na Kitimucua, chenye maswali juu ya imani za wenyeji, hata juu ya mlio wa bundi. Kituo kile kiliharibiwa na Waingereza mwaka wa 1702, na Watimucua wachache waliosalia walichukuliwa Cuba mwaka wa 1763. Leo atakaye kujua watu hao waliishije, kwa sehemu kubwa hana budi kusoma orodha ya makosa yao. Hapana Mtimucua wa kumjibu Pareja.

Kotz aweza kujibiwa, na majibu yameanza. Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alitoa mwaka wa 1969 historia ya utawala wa Wapare aliyoikusanya vinywani mwa wazee, na humo twawaona watu wakijenga, wakigombana na kupatana kama watu wa popote. Basi atakayekifasiri kitabu cha 1922 kwa Kiswahili asikitoe peke yake. Kila sura na isomwe kwanza mbele ya wazee wa Giti, Suji na Vunta, na maneno yao yapigwe chapa pembeni, kwa Chasu, kwa kufuata sarufi ya Kotz mwenyewe.