Sahani ya vitamu ya Bonané: tunaonyesha nini, tunaficha nini?

Mu kitabu kidogo hiki tumezoea kusoma habari za ndoa, za kilio, za majina na za ngoma. Mara hii naomba ruhusa nizungumuze juu ya kitu ambacho wengine watasema ni kidogo sana: sahani ya vitamu inayopitishwa nyuma ya chakula, siku ya Noeli ao ya Bonané. Ni mambo ya jikoni, ni kweli. Lakini mu sahani ile moja, jamaa inawaambia wageni: «Sisi tuko hivi.» Basi tuiangalie vile mwalimu anasahihisha kazi ya mwanafunzi, bila chuki na bila huruma ya bure.

Kazi ninayosahihisha ni yetu wenyewe. Mu Januari 2024 shirika letu, hapa Lubumbashi, lilifanya fete ya mwaka mupya. Mimi nilikuwa mu kamati ya mapokezi. Sahani kubwa ya katikati ilikuwa na gato ya krimu iliyonunuliwa mu mji, biskwiti za paketi, bombo, zabibu kavu, na mapome mekundu ya Afrika ya Kusini, yale yanayopitia Kasumbalesa. Kwa macho ilikuwa muzuri, sitasema uongo. Feza ya kamati ilienda karibu yote pale.

Mbele ya kuanza, mama mumoja muzee alifika na beseni ya masuku iliyofunikwa na kitambaa. Alikuwa ameyaokota upande wa kwao, akaja nayo mu basi. Mumoja wetu akasema polepole: «Bintu bya mu pori tena? Bageni batatucheka.» Nikachukua ile beseni kwa mikono yangu, nikaiweka jikoni, nyuma ya mulango. Hakuna mutu aliyenituma. Usiku umeme ulikatika, krimu ikaanza kuyeyuka, watoto wakagombania bombo mu giza. Yule mama alipewa kipande cha gato, akakionja, akakiacha. Wakati wa kurudi aliomba beseni yake tu. Ilikuwa ingali imejaa.

Siku chache nyuma yake, nilikuwa nafundisha darasa la tano juu ya matunda ya pori na desturi za wazee. Mujukuu wa yule mama akanyoosha mukono: «Mwalimu, kama masuku ni desturi yetu, juu ya nini mulificha ya kambo?» Sikupata jibu siku ile. Makala hii ni jibu lake, hata kama limechelewa.

Tuanze na ukweli mumoja: kula kitamu nyuma ya chakula haikuwa desturi ya wazee wengi wa huku. Kwa kambo yangu, upande wa Kasenga, kitamu hakikuwa na saa yake. Embe tulikula njiani, muwa tulitafuna tukitoka shamba, na munkoyo mugeni alipewa mbele, hata chakula hakijaiva. Mupango wa supu kwanza, nyama katikati na kitamu mwisho ulikuja na Wabelgiji: mu misioni, mu nyumba za wakubwa, na mu foyer social ya Union Minière, ile kampuni iliyoanzishwa mu 1906, ambako wake za watumikaji walifundishwa kushona, kupika na kutengeneza nyumba. Wabelgiji walileta pia Mutakatifu Nikola wa 6 Desemba na biskwiti zake za mudalasini, na ile gato ya Noeli yenye umbo la gogo la muti.

Je, juu ya hiyo tuikatae gato? Hapana, na hapa sikubaliane na ndugu zetu wanaopenda kufukuza kila kitu kilichovuka bahari. Wamama wa Lubumbashi hawakupokea gato vile vile. Hawakuwa na furu ya umeme, basi waliiweka mu sufuria, wakatia makala chini mu mbabula na makala mengine juu ya kifuniko. Mutu sherti ajue kuongeza na kupunguza ule moto, juu ukizidi chini gato inaungua, ukikosa juu inabaki mbichi. Hiyo ni akili ya watu wa hapa. Mama anafundisha binti yake, na binti atafundisha wake. Kwangu, gato ya mbabula ni desturi yetu kama vile vitumbula. Shida ya sahani yetu ya 2024 haikuwa kwamba kulikuwa gato. Shida ni kwamba mu sahani nzima hamukuwa kazi ya mukono wa mutu hata mumoja wetu.

Njo kipimo cha kwanza ninachopendekeza: mukono. Tuchukue munkoyo. Unapika uji mwepesi wa unga wa mahindi, unauacha upoe, kiisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Nyuma ya saa chache uji unakuwa mwepesi zaidi na mutamu, na hukutia sukari hata kijiko kimoja. Mwalimu wa kemia atakueleza: mu ile mizizi muko enzime zinazokata wanga wa mahindi kuwa sukari. Kambo yangu hakujua neno enzime, lakini alijua saa. Leo ni mutamu, watoto wanaweza kunywa. Kesho unaanza kuchachuka. Ukikawia zaidi unakuwa mukali, ni wa watu wazima. Kumupa mugeni munkoyo wa siku ya kwanza ni kumuambia: «Tulihesabu siku juu yako.» Chupa ya duka haiwezi kusema vile.

Kipimo cha pili ni majira. Huku Katanga Noeli inaanguka mu mvua. Maembe yako mu kila lupango, mpaka yanaoza chini ya muti na nzi wanayafuata. Masuku nayo yanaanguka mu pori. Lililoiva linaanguka lenyewe, na yule anayetikisa muti anapata magumu. Mpundu nazo ziko. Wakati ule ule sisi tunapanga mustari kununua tunda lililosafiri siku nyingi mu kamio. Mwenzangu mumoja, mwalimu wa jeografia, aliniambia: «Mugeni ukimupa embe la lupango atawaza umemudharau. Heshima ni kumupa kitu ambacho yeye hana nyumbani.» Neno lake lina uzito, sitalikimbia. Ni kweli, heshima sherti igharimu kitu. Lakini feza si garama peke yake. Embe lililotupwa mezani na maganda yake ni kweli dharau. Lakini embe lililochaguliwa, likamenywa, likakatwa sawasawa, likapangwa na kupelekwa baridi, ni kazi, na mugeni anaiona.

Kipimo cha tatu ni watu wenyewe. Sahani inazunguka kwa nani? Mu fete zetu inaanza ku meza ya wakubwa, na watoto wanapata mabaki. Wazee wenye meno mabovu wanapewa biskwiti ngumu. Wenye ugonjwa wa sukari, na siku hizi si wachache mu jamaa zetu, wanabaki kuangalia, ao wanakula kwa haya na kupata taabu usiku. Shirika la Afya la Dunia lilitoa shauri mu 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku. Kwa mutu muzima ni karibu gramu 50. Chupa moja tu ya sukre ya 33 cl inaweza kuwa na gramu zaidi ya 30. Ongeza gato ya krimu na bombo tatu, uhesabu mwenyewe.

Nisieleweke vibaya lakini. Siseme kwamba kila kitu cha pori ni kizuri juu kinatoka pori. Chukua kikanda, kile tunachokata vipande kama gato. Hakina sukari, lakini mu fete wengi wanakipenda kuliko biskwiti. Kinatengenezwa na karanga zilizopondwa na viazi vidogo vya maua ya orkide. Kuchimba kile kiazi ni kuua ule mumea. Upendo wa kikanda, zaidi sana kule Zambia, ulifanya watu wachimbe orkide mpaka milima ya kusini ya Tanzania, ambako mu 2005 ilianzishwa hifadhi ya Kitulo kulinda yale maua. Basi kikanda kiwekwe kidogo, siku kubwa tu. Tena tujiulize: masuku na asali vitatoka wapi, kama tunaendelea kukata pori pembeni ya Lubumbashi juu ya makala? Mbabula ile ninayoisifu inakula muti ule ule unaotupa masuku. Anayesifu desturi sherti aseme na bei yake.

Sasa, mwanafunzi akipata alama mbaya, mwalimu mwema anamuonyesha namna ya kurudilia kazi. Kwa watu 40 singefanya sahani moja kubwa ya kuonyesha. Ningefanya nne, kila moja ya watu 10, zitoke pamoja, na moja iende kwa watoto wakati ule ule na wakubwa. Katikati ya kila sahani naweka gato ya mbabula iliyokatwa vipande vidogo, bila krimu, juu umeme si wa kutumainiwa. Pembeni vitumbula vya moto, vilivyopakwa asali badala ya kuzamishwa mu sukari. Upande wa pili maembe, yakatwe jioni ile ile, si asubuhi. Ndizi zikikatwa zinyunyuziwe maji ya ndimu, la sivyo zinakuwa nyeusi. Nanasi liwekwe mu kibakuli chake, juu maji yake yanalowesha vitumbula. Kiisha karanga za kukaanga, na masuku mazima, na kisahani tupu cha kutemea mbegu. Kile kisahani ni cha lazima: wageni wengi wanakataa masuku juu hawajue mbegu wataitupa wapi. Munkoyo wa siku ya kwanza utolewe mbele, mugeni anapoingia, vile kambo alifanya. Na mapome? Kama mutu ameleta mapome kwa moyo, yawekwe. Tusifanye kwa mapome yale tuliyofanya kwa masuku.

Kwangu, hilo njo neno la mwisho la hesabu hii. Kosa letu la 2024 halikuwa la mapishi. Mutu alileta zawadi, na sisi, watu wa shirika la desturi, tukaona haya mbele ya wageni ambao pengine nao waliacha masuku kwao. Kitu kinachofichwa nyuma ya mulango miaka kumi, mutoto atakiitaje? Hatakiita desturi. Atakiita takataka, na sisi njo tutakuwa tumemufundisha.

Nilienda kwa yule mama mu mvua iliyofuata, nikamuomba masamaha. Alicheka, akaniuliza kama tungali na ile meza kubwa. Nikamujibu ndiyo. Akasema: «Basi mutafute beseni kubwa kuliko yangu.»