Alitua Salama, Hakushusha Mtu

Kila mjadala wa safari ya ndege ya Saudia 163 unapoanza, hakosi mtu wa kusema kapteni alijitahidi, ndege aliirudisha. Aliirudisha, kweli. Usiku wa Agosti 19, 1980, TriStar iliyokuwa na moto kwenye chumba cha mizigo cha nyuma, na mkono wa injini ya kati umeganda, iligusa lami ya Riyadh saa 3:36 bila kishindo. Kazi safi ya mikono. Sifa zangu zinaishia hapo, maana watu wote 301 waliokuwamo walifia chini, kwenye ardhi ngumu, ndani ya ndege iliyokwisha kusimama na milango yote imefungwa.

Picha yake mnaijua: paa limeteketea lote, mabawa yapo, magurudumu yapo. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa hadi leo. Walioshupalia kisa cha hujaji aliyewasha jiko la gesi ndani ya ndege waendelee nacho; moto ulianzia kwenye mizigo, chini ya sakafu, na mimi sina shida na moto. Moto hauna cheo. Shida yangu ni mwenye cheo.

Safari yenyewe tuipitie haraka. Ndege ilitoka Karachi, ikaruka Riyadh saa 3:08 usiku kwenda Jeddah. Takriban dakika saba baadaye taa ya moshi ikawaka. Dakika kadhaa zikaliwa na kuhakikisha kama taa inasema kweli, mpaka mhandisi wa ndege akaenda nyuma kuchungulia. Hilo ninaweza kumsamehe kapteni, taa za moshi zimeshadanganya wengi. Akageuza, akajulisha mnara, akazima injini ya kati akiwa anakaribia kutua. Sawa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wahudumu walikuwa wanapambana na moto nyuma, abiria wamejazana kwenye ujia, na mhudumu akawa anauliza chumba cha marubani swali lile lile zaidi ya mara moja: tukitua, tuwatoe watu? Swali la namna hiyo lina majibu mawili tu. Kapteni aliliacha likapita. Likarudi, akaliacha tena. Kinasa sauti kinaonyesha kwamba muda mfupi kabla ya magurudumu kugusa lami, alitoa jibu: waambiwe wasiwatoe abiria.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi nikitafuta utetezi. Labda aliogopa watu wangesukumana kabla ndege haijasimama? Basi angesema hivyo: kaeni mpaka tusimame, tukisimama fungueni. Sentensi moja. Wahudumu wangejua wajipange kwenye milango ipi na wasubiri nini. Badala yake walipewa katazo lisilo na mwisho, na kwa nidhamu waliyofundishwa, wakalitii.

Halafu akaendesha ndege kama anaipeleka kwenye maegesho. Ingekanyagwa breki za dharura, TriStar ile ingesimama katikati ya njia ya kurukia chini ya dakika moja. Yeye aliiacha iserereke hadi mwisho, akakata kona kuingia njia ya pembeni, na ikasimama kabisa dakika 2 na sekunde 40 baada ya kugusa lami. Magari ya zimamoto yalikuwa yamejipanga pale ambapo mtu yeyote mwenye moto ndani angesimama. Ikabidi yaanze kuifukuza.

Na bado. Ndege imesimama, moshi umejaa, na injini mbili za mabawani zinaendelea kunguruma kwa dakika 3 na sekunde 15 nyingine. Injini zikiwaka, mwokoaji hasogei, na anayetokea milango ya karibu na bawa anatokea mdomoni mwa hatari. Jumlisha: karibu dakika sita toka lami hadi injini kuzimwa. Ndege ya aina ile haipewi cheti mpaka ithibitishe kwamba inaweza kumwagwa abiria wote kwa sekunde 90, tena kwa nusu ya milango. Muda aliokuwa nao kapteni ulitosha kuimwaga karibu mara nne. Neno la mwisho kusikika kwenye redio lilikuwa kwamba wanajaribu kuwatoa watu sasa. Baada ya hapo hakuna aliyejibu. Waokoaji, ambao hawakufunzwa vizuri kuifungua milango ile, walifanikiwa kufungua mmoja dakika 23 baada ya injini kuzimwa, na dakika chache baadaye moto ukalipuka ndani.

Wasomaji wangu wa zamani wananijua kwa hili: sipendi ibada ya kutua. Abiria wetu hupiga makofi magurudumu yakigusa chini, wakati kazi ya kapteni bado haijaisha. Na wachambuzi nao wana ugonjwa wao wa kukimbilia mafaili ya mafunzo ya wale watatu wa chumba cha marubani cha Riyadh: nani alifeli mtihani gani, nani alichelewa kupanda daraja. Hiyo ni njia rahisi. Faili halielezi yote yanayotokea ndani ya chumba cha marubani. Douala, Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, watu 114: kapteni mzoefu mwenye sauti nzito, pembeni yake kijana mpole, na masahihisho yakatoka ndege imeshalala upande. Chumba cha marubani ambamo swali haliulizwi na kile ambamo swali halijibiwi, mimi naviweka kapu moja.

Wazee walikuwa na dawa yake. Kapteni Al Haynes, Julai 19, 1989, DC-10 iliyopoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki, hakuna usukani hata mmoja unaotii. Kati ya abiria kulikuwa na mkufunzi wa marubani, Denny Fitch. Haynes alimwita mbele, akamkabidhi mikono ya injini, na hakuona kama heshima yake imepungua. Kati ya watu 296, 184 walitoka hai pale Sioux City.

Na wetu wa huku, kapteni Leul Abate. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi, watekaji watatu wanaotaka kwenda Australia, mafuta hayatoshi hata robo ya ndoto yao. Alijitahidi kubaki karibu na nchi kavu mpaka Komoro. Injini ya kwanza ilipozima, alishika kipaza sauti akawaeleza abiria waziwazi: mafuta yamekwisha, tunaanguka. Wengi walikufa, 125 kati ya 175, na baadhi kwa sababu walijaza hewa maboya wakiwa bado ndani. Lakini walijua wako wapi na nini kinakuja. Abiria wa Riyadh waliambiwa wakae.

Sullenberger nitampa mstari mmoja, filamu imeshampa ya kutosha: mwaka 2009, baada ya kutua juu ya mto Hudson, alipofungua mlango wa chumba cha marubani kuamuru watu watoke, alikuta wahudumu wameshaanza.

Baada ya Riyadh, Saudia walibadilisha taratibu za dharura na mafunzo, nao watengenezaji wa TriStar, Lockheed, wakaondoa vifaa vya kuzuia joto vilivyokuwa juu ya chumba kile cha mizigo. Wapo wanaoniambia basi wahudumu wa usiku ule wangefungua wenyewe. Wafungue vipi, injini zinavuma na bosi ameshakataza? Pasipo katazo huwa hivi: uwanja wa Haneda, Januari 2, 2024, simu ya ndani ya Airbus ya Japan Airlines ilikuwa imekufa, moto uko nje ya madirisha. Mhudumu wa mlango wa nyuma kushoto alichungulia, akaona upande wake hauna moto, akafungua bila kungoja neno la rubani. Wote 379 walitoka.